Layini za Kahawa za Ruiru na Funzo la Futi Kumi kwa Kumi

Mtu asafiriye kutoka Nairobi kwenda Thika, afikapo Ruiru, huona kwanza maghorofa ya kupanga yaliyosongamana pande zote mbili za barabara. Mji huu umekua kwa haraka sana. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 370,000 katika eneo la Ruiru. Lakini akiiacha lami na kushika njia za udongo mwekundu zipitazo katikati ya mibuni iliyosalia, hakosi kukutana na nyumba ya namna nyingine: nyumba ndefu ya mawe, ya chini, yenye milango mingi iliyofuatana kama meno ya kitana, na ndani yake hamna mtu. Mabati yake yameliwa na kutu, mbao za milango zimeng'olewa zikawa kuni, na majani yameota sakafuni. Nyumba hiyo huitwa layini.

Wengi huipita bila kugeuza shingo. Kwao ni gofu tu, makao ya popo na nyuki, lingojalo siku ya tingatinga. Walakini yafaa mtu asimame kidogo aitazame, maana layini ni nyumba iliyojengwa kwa hesabu. Hakuna ukuta ndani yake uliowekwa kwa kubahatisha. Aliyeijenga alijua bei ya jiwe, bei ya bati, na thamani aliyoipa kazi ya yule ambaye angelala humo. Kwa sababu hiyo, ajuaye kuisoma nyumba aweza kusoma katika layini habari za kazi na mshahara wa nchi hii, hata kama hajapata kushika kitabu cha historia mkononi.

Jina lenyewe lilitoka mbali. Ni neno la Kiingereza lenye maana ya mistari. Katika India ya enzi za Waingereza, askari walijengewa vyumba vilivyopangwa kwa mistari, na mpango huo ukachukuliwa kwa vibarua wa mashamba makubwa ya chai huko Assam na Ceylon, nchi iitwayo Sri Lanka siku hizi. Ulipoingia Afrika ya Mashariki, ulifuata reli na mashamba ya walowezi. Watu wa Nairobi waliujua kwa jina la landhi za reli kule Muthurwa. Watu wa Ruiru, Thika na Juja wakaujua kwa jina la layini, au kambi.

Kahawa ilipandwa kwanza na wamisionari wa Kifaransa huko Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893, kisha katika misheni ya St. Austin's karibu na Nairobi. Haukupita muda mrefu walowezi wakaona ya kuwa miinuko ya Kiambu, Ruiru na Thika, yenye udongo mwekundu wenye kina na mito mingi ishukayo kutoka magharibi, ni mahali pa kahawa hasa. Mito ya Ruiru, Kamiti, Thiririka na Ndarugu ilitoa maji ya kuoshea buni. Mwaka 1913 reli kutoka Nairobi ilifika Thika, ikipita Ruiru, na magunia ya kahawa yakapata njia rahisi ya kwenda Mombasa. Basi, palipokuwa na shamba, kinu cha kumenyea kahawa na mto, layini pia haikuwa mbali.

Hapo mwanzo vibarua wengi walijijengea vibanda vya fito, udongo na majani. Nyumba za mawe zilikuja baadaye, mashamba yalipokuwa na fedha, na maofisa wa kazi na wa afya walipoanza kuuliza maswali. Mawe hayo hayakutoka mbali. Chini ya nchi ya Ruiru, Juja na Thika pana mwamba uliofanyika kwa majivu ya volkano yaliyoshikamana, nao hukatika kwa tindo na nyundo bila taabu kubwa. Machimbo ya Ndarugu, karibu na Juja, yajulikana sana na waashi mpaka leo. Jiwe hilo la kijivu lilichongwa likawa mraba, likapangwa safu juu ya safu, likashikwa kwa chokaa au saruji. Katika layini iliyoachwa miaka mingi, mara nyingi kuta ndizo zilizobaki zimesimama wima baada ya kila kitu kingine kuoza. Waliozichonga ni mafundi ambao majina yao hayakuandikwa popote, lakini pembe za kazi yao zingali sawa.

Juu ya kuta hizo liliwekwa paa la mabati ya mikunjo. Bati la namna hii lilibuniwa London na mhandisi Henry Robinson Palmer, aliyepewa haki ya uvumbuzi wake mwaka 1829, nalo likaenea duniani kote kwa sababu ni jepesi kuchukulika na karatasi chache tu hufunika mahali pakubwa. Ubaya wake kila aliyelala chini yake aujua. Mchana jua likiwaka, chumba huwa tanuri. Usiku wa Julai, baridi ya Ruiru hushuka moja kwa moja juu ya blanketi. Na mvua kubwa ikinyesha, watu wawili walio chumba kimoja hawawezi kusikizana. Dari haikuwekwa, kwa sababu dari ni gharama.

Mpango wa vyumba nao ulikuwa rahisi. Katika layini nyingine vyumba vilipangwa kwa safu moja, na mbele yake palikuwa na baraza nyembamba lililofunikwa na ncha ya paa. Katika nyingine safu mbili zilipeana mgongo, zikashiriki ukuta mmoja wa katikati. Mpango huo wa pili uliokoa mawe mengi, lakini uliwanyima watu hewa, kwa kuwa chumba chenye mlango na dirisha upande mmoja tu hakiwezi kupitisha upepo. Mafiga yalikuwa ndani, na moshi ulijitafutia njia yake kwenye upenyo kati ya ukuta na bati. Weusi wa masizi waonekana mpaka leo juu ya mawe, chumba hadi chumba, nao ndio alama pekee ya kuonyesha kwamba humo mlipikwa, mkaliwa, mkazungumzwa. Kifua kikuu hupenda mahali kama hapo, penye watu wengi na hewa kidogo. Maji yalikuwa bomba moja uani, na vyoo vya shimo vilijengwa kando. Mwisho wa safu mara nyingi palikuwa na chumba kilicho kikubwa kidogo kuliko vingine: hicho kilikuwa cha mnyapara. Hata cheo kilipimwa kwa futi.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Kipimo kilichozoeleka cha chumba cha mfanyakazi katika Kenya kilikuwa futi 10 kwa futi 10, yaani mita za mraba 9 na kitu. Kwa nini 10 na si 15? Jibu halimo katika ufundi wa kujenga. Limo katika mshahara. Serikali ya kikoloni na wenye mashamba walimhesabu mfanyakazi kuwa mwanamume mmoja peke yake, ajaye kwa miezi kadhaa kisha arudi kwao. Mkewe na watoto wake walidhaniwa wako rizavu wakijilisha kwa jembe. Tangu miaka iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuchukua kipande, na ndani yake ziliandikwa habari za kazi yake na malipo yake. Sheria za ajira zilimtaka tajiri ampe mfanyakazi mahali pa kulala, na tajiri alitoa mahali pa kulala, basi. Hakuambiwa atoe mahali pa kuishi. Mshahara ulikuwa wa mtu mmoja, posho ilikuwa ya mtu mmoja, na chumba kilikuwa cha mtu mmoja. Layini ni mshahara huo uliogeuzwa kuwa mawe.

Lakini binadamu hakai kama alivyoandikwa katika daftari la karani. Wake walikuja. Wakati wa mavuno wanawake na watoto ndio waliochuma buni nyingi, wakilipwa kwa debe, na wengi wakabaki. Watoto walizaliwa katika vyumba vile vya futi 10, wakatambaa juu ya sakafu ile. Shuka lilitundikwa katikati likawa ukuta wa pili. Wazazi upande huu, watoto upande ule. Mzee aliyelelewa katika nyumba kama hiyo hahitaji ramani. Akisimama mlangoni huweza kuonyesha kwa kidole: hapa kitanda, hapa sanduku, hapa mafiga, hapa kuku. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, wafanyakazi wengi wa mashamba ya walowezi walikusanywa katika layini zenye ulinzi, na nyumba iliyokuwa ya kulala vibarua ikawa pia njia ya kuwahesabu na kuwazuia.

Ubovu wa hesabu hiyo ulikubaliwa na serikali yenyewe. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilisema wazi kwamba mshahara uliopimwa kwa mahitaji ya mseja haumwezeshi mfanyakazi kutulia kazini na jamaa yake, ikashauri kwamba kwa hatua nchi ifikie mshahara wa mtu mwenye familia, na makao yanayolingana naye. Maneno hayo yaliandikwa vizuri. Walakini kuta za mawe hazisomi ripoti, na vyumba vya futi 10 viliendelea kuwa vya futi 10.

Baada ya uhuru mwaka 1963 mashamba mengi yalibadili mikono, yakaenda kwa makampuni, vyama vya ushirika na vikundi vya wanunuzi wa ardhi. Kahawa iliendelea kuleta fedha za kigeni kwa miaka mingi. Kituo cha utafiti cha Ruiru kilipigana na magonjwa ya mibuni, na mwaka 1985 kilitoa aina ya Ruiru 11, ijulikanayo na kila mkulima wa kahawa. Kwa hiyo si ugonjwa wa mibuni ulioziua layini. Zilikufa kwa bei na kwa ardhi. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Kisha mji wa Nairobi ukaanza kusukuma mipaka yake. Barabara ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika mwaka 2012, eka moja ya Ruiru ilileta fedha nyingi zaidi ikikatwa ploti kuliko ikipandwa mibuni. Mji mpya wa Tatu City, uliozinduliwa mwaka 2010, unajengwa mahali palipokuwa mashamba ya kahawa. Mibuni iking'olewa, mchumaji hana kazi. Mchumaji akiondoka, layini haina mtu.

Sasa yafaa kuuliza: ni nini kilichohifadhiwa kutoka enzi hizo za mashamba makubwa? Sir William Northrup McMillan, Mmarekani aliyekuwa na shamba kubwa la Juja, ambako Theodore Roosevelt alikaribishwa mwaka 1909, alikufa mwaka 1925, naye anakumbukwa kwa kaburi lake juu ya Ol Donyo Sabuk na kwa maktaba ya Nairobi yenye jina lake, iliyofunguliwa mwaka 1931. Nyumba ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong, ilijengwa mwaka 1912, na tangu 1986 ni makumbusho ya taifa. Si vibaya vitu hivyo kutunzwa. Lakini wahenga walinena: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kahawa iliyolipia meza za wenye mashamba iliundwa na mikono iliyolala katika layini, na nyumba za mikono hiyo hazina hata kibao.

Si kweli kwamba nyumba za wafanyakazi hazistahili kutunzwa. Huko Scotland, kando ya mto Clyde, katika bonde lililo mbali na miji mikubwa, pana kijiji kiitwacho New Lanark. Mfanyabiashara David Dale alianza kukijenga katika miaka ya 1780, kwa ajili ya viwanda vya kusokota pamba vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji, akawajengea wafanyakazi majumba marefu ya mawe ambamo familia nzima iliweza kupewa chumba kimoja. Kuanzia mwaka 1800 kijiji kilisimamiwa na Robert Owen, aliyepata sifa kwa kuwafungulia watoto shule na kupunguza saa za kazi. Viwanda vilifungwa mwaka 1968, na majumba yakawa karibu kuanguka. Lakini watu waliyatengeneza, wengine wakaingia kukaa humo, na mwaka 2001 kijiji kikaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Leo wageni huja kutazama jinsi maskini walivyolala, na kijiji hujipatia riziki kwa hilo. Jiwe la Clyde halina heshima kuliko jiwe la Ndarugu.

Wako watakaopinga, na sababu zao si nyepesi. Mwenye shamba atasema kwamba gofu halilipi kodi ya ardhi. Naye aliyezaliwa humo aweza kusema: mahali pale palikuwa pa aibu na taabu, kwa nini pakumbukwe? Jibu kwa huyu wa pili ni kwamba aibu haikuwa ya aliyelala humo, ilikuwa ya aliyepima chumba. Nyumba ikibomolewa bila kuandikwa, kinachopotea si taabu, kwa maana hiyo ilikwisha kuliwa; kinachopotea ni ushahidi.

Tena ushahidi huo wahitajika hivi leo, pengine kuliko jana. Msomaji na ayatazame tena yale maghorofa yaliyo kando ya barabara. Mengi yana vyumba vya kupanga vya mtu mmoja, mlango kwa mlango, pande mbili za ujia wenye giza, na vingi havipiti sana kile kipimo cha futi 10 kwa 10. Dirisha moja hutazama ukuta wa jirani ulio karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono. Ni layini iliyosimamishwa wima: safu haikulazwa tena shambani, imepandishwa juu ya safu nyingine mara tano au sita. Tajiri wa leo si mlowezi, ni mwananchi, pengine mwalimu au karani aliyekopa fedha za chama cha akiba; na mpangaji hapewi posho, hulipa kodi kila mwezi. Lakini hesabu ni ile ile ya zamani: mtu mmoja, kitanda kimoja, hewa ya upande mmoja. Na kama zamani, mke huja, watoto huzaliwa, na shuka hutundikwa katikati. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiasi cha kuridhisha. Yeyote ajengaye nyumba ya kupanga alikute neno hilo kabla ya kumwita fundi.

Wala layini haikuwa na mabaya matupu ya kufundisha. Ilikuwa na mambo matatu ambayo maghorofa mengi yameyasahau. La kwanza ni baraza: mahali palipofunikwa, pa kukalia jioni, ambapo majirani walijuana na mtoto alionwa na macho ya wengi. La pili ni uwanja ulio mbele, wenye kivuli cha miti, ambapo nguo zilianikwa juani na watoto walicheza mbali na magari. La tatu ni jiwe la karibu, lililochongwa na fundi wa karibu, ambalo halikuhitaji kupakwa rangi ili lipendeze. Mwenye ploti akiyachukua hayo matatu, akaongeza lile ambalo layini ilikosa, yaani dirisha la pili la kupitisha upepo, chumba cha kupikia kilicho mbali na kitanda, na nafasi ya familia, atakuwa amejifunza kutoka kwa wazee bila kurudia kosa lao. Huenda akapata kodi chache kwa kila sakafu, lakini atapata wapangaji wasiohama kila baada ya miezi mitatu.

Juu ya magofu yenyewe, yanayowezekana si mengi wala si ya gharama kubwa. Haiwezekani kuhifadhi layini zote, wala haifai. Lakini layini moja katika eneo la Ruiru, iliyo imara kuta zake, ingeweza kutunzwa pamoja na bomba lake, baraza lake na chumba cha mnyapara. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inaruhusu jengo lenye maana katika historia litangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali na kulindwa. Na zile zitakazobomolewa, zipimwe kwanza. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Mwalimu wa sekondari na wanafunzi kumi, wakiwa na futi kamba, karatasi na penseli, waweza kwa siku moja kuchora milango, kuhesabu vyumba, kupima madirisha, na kuandika majina ya waliokaa humo kama wanavyoyataja wazee wa karibu. Wakirudi nyumbani jioni, wapime pia vyumba wanavyolala wenyewe, kisha waweke karatasi mbili hizo kando kwa kando.

Mvua za masika hazingoji mtu. Kila mwaka bati jingine huanguka, maji huingia katika kichwa cha ukuta, na jiwe lililosimama miaka mingi huteleza. Wazee wanaojua kitanda kilikaa wapi nao wanapungua. Kazi ya kupima ingefanywa mapema, kabla ya tingatinga na kabla ya masika ijayo.